Hodi ya Tatu

Wiki iliyopita alinijia hapa Msambweni binti mmoja wa Ukunda, jina lake Mercy. Amefanya kazi ya vyumba katika hoteli moja ya Diani kwa miaka minne, na sasa amepata mkataba kwenye meli ya watalii. Wamempanga ghorofa za juu, kwenye vile vyumba vya kifahari vyenye sebule na roshani ambavyo sisi tuliovisafisha tuliviita switi. Wazazi wake ni watu wa bara waliohamia huku zamani, lakini adabu za pwani anazo. Aliniamkia, akaketi, akafungua daftari jipya.

"Mzee, nimeskia umefanya switi miaka mingi," akasema. "Nipe ukweli. Hao wageni wa huko wako aje? Wanataka nini hasa? Sitaki nifike huko niaibike."

Nilimweleza mpaka adhana ya alasiri, naye akaandika kurasa sita. Alipoinuka kuaga akakiona cheti changu ukutani, kile chenye fremu ya rangi ya dhahabu, akauliza nilipewa kwa sababu gani. Nikamsimulia kisa cha Bi Ingrid kama ninavyokisimulia siku zote: kwamba nilipiga hodi mara tatu kwenye mlango wa mama mtu mzima, hakuitika, nikaondoka kwa heshima, na baadaye nikarudi nikamkuta ameanguka, nikaita watu, akaokoka.

"Sasa mzee, hapo ulikosea wapi?" akasema Mercy. "Hiyo ilikuwa heshima tu." Akaliandika hilo ukurasa wa mwisho, akafunga daftari lake akaenda zake.

Tangu hapo sina raha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao saba, na huyu wa nane ndiye asiyenipa usingizi. Kwa hiyo nimeamua kuandika, Mercy asome pamoja na wenzake wanaojiandaa kwa kazi hii. Sitazungumzia mishahara wala vyeo, hayo mtayajua mkifika. Nitasema niliyojifunza, na mwisho nitasema lile ambalo sikumwambia.

Kazi niliianzia Diani, nikiwa sijui hata shuka ina upande wa juu na wa chini. Msimamizi wa vyumba alikuwa Bi Mwanatumu, mama wa Kibuyuni, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha kutandika kitanda. Badala yake alinisimamisha mbele ya mlango uliofungwa, wa chumba kisicho na mtu, akaniambia nibishe. Nikabisha. Akasema vibaya. Nikabisha tena. Akasema hivyo ndivyo wanavyobisha polisi. Tulishinda mlangoni hapo mpaka wenzangu wakaanza kunionea huruma.

"Mwanangu," akaniambia mwishowe, "mlango wa mtu una heshima zake. Hodi ya kwanza ni kumzindua. Ya pili ni kumpa nafasi ajistiri. Ya tatu ndiyo ya kumwomba. Usipoitikiwa, ondoka zako, wala usinung'unike. Utarudi baadaye."

Hayo sikuyaona mageni. Ndiyo tuliyofundishwa madrasa, na ndiyo tuliyoyaona kwa wazee wetu. Mtu wa Msambweni hasukumi mlango wa mwenzake. Atasimama nje kwa upande, macho chini, apige hodi zake tatu, kisha ashike njia. Pale hotelini desturi hiyo ilitufaa sana. Alikuwepo kijana mwenzetu mmoja aliyependa kubisha mara moja na kufungua papo hapo. Siku moja alifungua chumba cha maharusi. Wiki nzima hakuweza kumtazama yule bwana usoni, na yule bwana naye alikuwa akipitia nyuma ya jikoni ili asikutane naye.

Bi Mwanatumu alinifundisha na mengine ambayo Mercy ameyaandika. Chumba kinuse kabla ya kukitazama, pua hukuambia mapema kuliko macho. Chumvi ya bahari iliyoganda kwenye kioo itoe kwa siki na gazeti kuukuu, si kwa sabuni. Weka mswaki mkuukuu mfukoni kwa ajili ya kona za bomba. Kitabu cha mgeni kikiwa kimefunuliwa kitandani, kiinue hivyohivyo kilivyo, tandika, kirudishe hivyohivyo. Ukimfungia mtu ukurasa wake umemwingilia mambo yake kuliko ukimfungulia sanduku. Yule mama alikufa nikiwa baharini. Sikumzika, na hilo nalo lipo katika hesabu ya mambo yangu.

Melini nilifika nikiwa na umri wa watu wengine kuacha. Siku ya kwanza nilipotea mara nne. Vyumba vyote vinafanana, ngazi zote zinafanana, na hakuna dirisha la kukuonyesha unaelekea wapi. Aliyeniokoa ni Fernandes, Mgoa mwembamba aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa switi. Alitembea kwa ukimya mpaka wageni walikuwa wakishtuka kumkuta nyuma yao na kahawa. Akanionyesha zulia. "Tazama hawa samaki waliofumwa," akasema. "Wote wanaogelea kuelekea mbele ya meli. Ukipotea, fuata vichwa vyao." Tangu siku hiyo sikupotea tena, ila kulikuwa na wageni waliolewa ambao niliwakuta wakifuata mikia.

Sasa nikija kwenye swali la Mercy, mgeni wa switi atarajie nini, na wewe umtarajie vipi. Kwanza ajue kwamba mizigo yake itamfuata baadaye, haifiki naye. Atalalamika, mpe kinywaji. Atakalia kitanda, atainuka, atafungua kila droo, kisha atauliza kama maji ya bafuni ni ya bahari. Mwambie si ya bahari, na usicheke. Ukimfungulia mlango wa roshani hakikisha mlango wa mbele umefungwa, la sivyo upepo utaubamiza mmojawapo na mtu atapoteza vidole. Chini ya chombo cha maua weka kitambaa kibichi kisiteleze. Vitundikio vya nguo kabatini vifunge kwa taulo, maana bahari ikichafuka vitagongana mpaka alfajiri. Na asishangae kuyumba. Switi ziko juu, na kilicho juu huyumba zaidi. Ukitaka kutulia melini kaa chini katikati, karibu na wenzetu wa kufua nguo.

Kisha kuna kamba nyekundu. Kila bafu la meli lina kamba inayoning'inia karibu mpaka sakafuni. Mtu akianguka anaivuta akiwa chini pale pale, na kengele inalia kwa mganga wa meli. Wageni hawaipendi. Inawagusa wakioga, wengine huivuta wakidhani ni taa. Kwa hiyo huikunja wakaifunga juu, kwenye kitundikio cha taulo. Fernandes alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Kila asubuhi, kabla hujagusa kitanda, nenda bafuni ukaifungue kamba. Usimwonye mgeni wala usigombane naye. Yeye ataifunga jioni, wewe utaifungua asubuhi, mtaishi hivyo mpaka bandari ya mwisho.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Melini mgeni hapewi jembe, na kazi yake ya siku ya tatu ni kuanza kuchoka kutumikiwa. Siku mbili za mwanzo atakuita kwa kila kitu. Ya tatu na ya nne atataka umwache. Ya tano atakuita tena, lakini ukifika hana analotaka. Anataka mtu wa kuzungumza naye. Ile switi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na walio wengi humo ni wajane waliozoea kuwa wawili.

Jambo moja tu nilibishana na Fernandes, nalo ni la mlango. Sheria ya meli ni hii: bisha mara tatu, taja jina lako na kazi yako, kisha fungua. Ikiwa ni mwanamke aliye peke yake, fungua upana wa kiganja tu, uite tena. Nikamwambia kwetu haiwi hivyo. Asiyejibu, amejibu.

"Kwenu," akasema Fernandes, "mtu akinyamaza siku nzima, nani atajua?"

"Jirani."

"Hapa baharini hana jirani ila wewe."

Nikaifuata sheria, ila kwa shingo upande. Kwenye vyumba vya wanaume na vya mume na mke nilifungua. Kwenye vyumba vya wanawake walio peke yao mkono uliniwia mzito, na Fernandes aliona. "Rashidi," akaniambia siku moja, "hiyo heshima yako itakuponza." Nikadhani ananitania.

Bi Ingrid alipanda meli katika mkataba wangu wa tatu. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka nchi za baridi, karibu miaka themanini, anatembea kwa mkongojo. Alichukua switi ileile aliyokuwa akiikodi na mumewe, na picha ya mumewe akaiweka upande wa pili wa kitanda, juu ya mto. Nikawa nautandika mto ule na picha juu yake kila siku, bila kuuliza. Tulizungumza Kiingereza, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Rashidi," aliniambia siku ya kwanza, "mimi nimeanza kuanguka. Nyumbani nimeanguka mara mbili. Ukibisha nisijibu, ingia."

"Inshallah," nikasema.

"Hiyo maana yake ndiyo?"

"Maana yake ndiyo," nikasema. Fernandes alikuwa ametukataza neno hilo mbele ya wageni, eti kila mmoja hulielewa anavyotaka mwenyewe.

Chai yake ilikuwa saa mbili kamili asubuhi, ya maziwa, na kipande kimoja cha mkate mkavu. Siku ya tano, kama nilivyosema, alianza kuniweka kwa mazungumzo. Aliniuliza juu ya kwetu, nikamweleza Msambweni, nikamweleza mama yangu, nikajisifia na korosho zetu. Nilimweleza pia jinsi Bi Mwanatumu alivyonisimamisha mlangoni siku nzima. Hilo lilimpendeza kupita yote. Akataka nimfundishe. Kuanzia kesho yake sikubisha tena kwa Kiingereza. Nilisema "Hodi," naye kutoka ndani akaitika "Kariibu," akiivuta ile i kama anaita paka. Wahudumu wenzangu waliisikia wakacheka, lakini mimi lilinifurahisha sana. Katika meli nzima ile palikuwa na mlango mmoja tu unaoitika kwa lugha yangu.

"Na ya tatu ikipita bila jibu?" aliniuliza siku moja huku akikoroga chai.

"Mtu hushika njia akarudi zake."

"Na kama mwenye nyumba amekufa ndani?"

"Kwetu majirani wangejua."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Ratiba ilikuwa tuingie Mombasa asubuhi, tuondoke jioni. Sikuwa nimefika nyumbani kwa miezi kumi na moja. Fernandes alinipa ruhusa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Toka bandarini, uvuke kivuko cha Likoni, ufike Msambweni, umwone mama, urudi: ukiwa na bahati na foleni, utapata saa mbili za kukaa naye. Bi Ingrid alijua. Jana yake aliniambia, "Mwamkie mama. Na mimi uniletee hizo korosho, nione kama ulikuwa unasema kweli."

Asubuhi ile nilipeleka chai mapema, saa mbili kasorobo. Nilikuwa nimekwisha vaa suruali ya nyumbani chini ya sare. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu. Nikaiweka sinia chini mlangoni, nikaenda zangu.

Hapo ndipo Mercy alipofunga daftari akasema ni heshima. Sasa niseme lililobaki.

Kadi ya kufungulia mlango ilikuwa mkononi mwangu. Haikuwa kwenye mfuko wala shingoni, nilikuwa nimeishika kabisa, imeelekezwa kwenye kitasa. Sikuona haya. Mama yule nilikuwa nimemzoea kama shangazi, alikwisha niambia niingie, na tena ni yeye aliyetangulia kusema kwamba anaanguka. Nilichofanya ni kutazama saa. Nikakumbuka kwamba nikifungua atakuwa macho, atasema "Rashidi, keti kidogo," ataanza habari za mumewe, nami sitaweza kuinuka. Itapita robo saa, na kivuko hakimngoji mtu. Nikajiambia: nimepiga tatu, hajaitika, nimetimiza. Mafundisho ya Bi Mwanatumu, mama aliyeshinda siku nzima kunifundisha kuwaheshimu watu, nikayafanya kisingizio. Sikufungua hata ule upana wa kiganja.

Kisha nikaenda kwenye chumba chetu cha kazi, nikaichukua orodha ya asubuhi. Kila mhudumu huandika hali ya kila mgeni wake kabla ya kushuka. Mbele ya chumba cha Bi Ingrid nikaandika "sawa." Neno dogo. Niliandika kwa kalamu ya Fernandes mwenyewe, nikamrudishia, akaniambia nimsalimie mama.

Kwa mama nilifika kabla ya saa sita. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, kwa hiyo pale sikungoja hodi ya pili wala ya tatu. Niliita mara moja nikasukuma mlango nikaingia. Nilimkuta amekaa anachambua mchele. Tulikula, tukazungumza, alinishika mkono muda wote kama nitapotea. Nilikuwa nimewahi kumsimulia kwa simu habari za Bi Ingrid.

"Na yule bibi yako wa melini hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo, mama."

"Umemwona leo?"

"Nimempelekea chai."

Akainuka mwenyewe kwenda kuchukua korosho, zilizokaangwa siku ileile. Akazifunga kwenye karatasi, kisha kwenye karatasi ya pili zisipoe. "Mwambie zimetoka kwa mama yako," akasema. Ndivyo nilivyozitumia saa mbili zangu nilizoziiba. Siwezi kusema hazikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nilirudi melini saa kumi kasoro dakika chache. Ghorofa ya switi ilikuwa tupu, wageni walikuwa wametembezwa mjini. Nikawafuata samaki wa zulia mpaka mlangoni pake, na korosho zangu. Sinia ilikuwa palepale chini. Chai imejifanyia utando. Mkate haukuguswa.

Sikupiga hodi. Nilifungua.

Alikuwa sakafuni bafuni, ubavuni, na gauni la kulalia. Alikuwa hai. Mguu mmoja umekaa vibaya, jinsi mguu usivyoweza kukaa. Juu yake, kwenye kitundikio cha taulo, kamba nyekundu ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, kama alivyoifunga jana yake jioni kabla ya kuoga. Asubuhi ile hakukuwa na mtu wa kuifungua. Alikuwa ameanguka alfajiri.

Nilipiga magoti. Akanitazama, midomo imekauka.

"Nilikusikia," akasema.

Nikamshika mkono.

"Niliitika. Nilisema karibu. Mara tatu zote. Nadhani sauti haikufika."

Wahenga wana neno lao, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nililisikia neno hilo tangu utotoni na sikujua maana yake mpaka saa ile. Nikamwambia, "Nilidhani umelala." Huo ulikuwa uongo wangu wa pili wa siku, kama hutahesabu nilichomwambia mama. Akafumba macho. Nikaivuta kamba nyekundu mimi mwenyewe, kengele ikalia.

Kati ya kengele na watu kufika hupita dakika chache. Katika dakika hizo, Mercy, nilifanya jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata mke wangu. Nilitoka nikaiokota ile sinia mlangoni, nikaikimbiza kwenye chumba cha kazi, nikamwaga chai, nikaosha kikombe. Vyombo viligongana mikononi mwangu. Mlango wake ulikuwa wazi, na masikio yake, tofauti na ya mama, yalikuwa mazima.

Fernandes alikuja na mganga na machela. Wakamfunga mguu. Mganga akamwuliza ameanguka saa ngapi. Fernandes aliishika ile orodha yenye neno langu. Bi Ingrid akageuza kichwa, akanitafuta mpaka akaniona nimesimama karibu na pazia.

"Mchana," akasema. "Baada ya chai."

Wakamteremsha kwa ngazi ya meli mpaka gari la wagonjwa, akapelekwa hospitali mjini. Sisi tukang'oa nanga jioni ileile. Fernandes alinishika bega akasema nimefanya vyema kumpitia kwanza kabla hata sijabadilisha nguo. Miezi michache baadaye likaja lile jicheti, kwa barua ya Bi Ingrid mwenyewe aliyoiandikia kampuni kunisifu. Nililipokea mbele ya wahudumu wote. Nikapiga picha. Korosho zilikuwa zingali katika droo yangu, zimeoza.

Na mimi aliniandikia. Barua ya kwanza ilinifikia melini. Aliandika kwamba yuko katika nyumba ya wazee, kwenye kiti cha magurudumu, mguu haukukubali kusimama tena na meli hatapanda tena. Hakulalamika. Aliuliza kama korosho nilizileta. Nilinunua karatasi nzuri ya kumjibu. Nikaandika jina lake, nikakwama. Kila sentensi ya pili ilinitaka niseme kweli au nidanganye tena, na mimi kweli iliniogopesha na uongo ulikuwa umenichosha. Nikaikunja.

Ya pili ilikuja mwaka uliofuata. Alisema labda ile ya kwanza ilipotea njiani. Alisema hana hasira na mimi, kama hilo ndilo ninalolihofia, na kwamba alisema "mchana" kwa sababu alijua nilikuwa nimekwenda kwa mama. Aliuliza kama mama yungali hai. Mama alikuwa hai bado. Ningeweza kuandika neno hilo moja tu, "yu hai," nikatia saini. Nikajiambia nitaandika nikipata nafasi. Mama akafa, na nafasi nikaipata tele.

Sasa kwa kazi yenyewe, Mercy, futa ile sentensi uliyoandika kwenye ukurasa wa mwisho, kwamba ilikuwa heshima. Hodi tatu za kwetu ni nzuri, usiziache. Lakini zilitungwa na watu wenye majirani. Bisha tatu, taja jina lako, fungua. Fungua kamba nyekundu kila asubuhi. Usiandike "sawa" mbele ya mtu ambaye hujamwona kwa macho yako. Na siku utakayojikuta unaishukuru desturi kwa sababu imekupunguzia kazi, tazama vizuri unakimbilia wapi.

Cheti nimekiteremsha jana. Mke wangu aliuliza kwa nini, nikamwambia nitamweleza, na leo nitamsomea haya. Pale ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba.

Kitu nilichokihifadhi ni barua yake ya tatu, ambayo ni kadi ya posta. Ilikuja miaka miwili baada ya barua ya pili, na mwandiko umetetemeka. Mbele ina picha ya kanisa dogo kwenye theluji. Nyuma iko anwani yake, na chini ya anwani ameandika neno moja tu, kwa Kiswahili, lile nililomfundisha mwenyewe: "Hodi?"

Nilisubiri ya nne. Haikuja. Nilikuwa nimemweleza mwenyewe, huku akikoroga chai, kwamba baada ya ya tatu mtu hushika njia akarudi zake. Neno lile lina jibu moja, na kila mtoto wa Msambweni analijua kabla hajajua kuhesabu. Aliliitika mara tatu akiwa sakafuni na mguu umevunjika. Mimi nilikuwa nimekaa kitini, mzima, na kalamu mkononi.